Fahamu: Jinsi Denmark inavyounganisha wepesi wa kuachisha kazi na ulinzi wa mfanyakazi

Nchini Denmark mwajiri anaweza kumwachisha mfanyakazi kazi kwa masharti mepesi kuliko ilivyo katika nchi nyingi za Ulaya, lakini anayepoteza ajira haachwi bila kipato, kwa kuwa mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira, ambao wafanyakazi hujiunga nao kwa hiari na kuuchangia, huweza kumlipa hadi asilimia 90 ya mshahara wake wa awali, kwa muda wa kawaida wa miaka 2. Malipo hayo yana ukomo, hivyo mwenye mshahara mkubwa hupata sehemu ndogo zaidi.

Mizizi ya mfumo huu ni Mapatano ya Septemba ya mwaka 1899, ambapo vyama vya wafanyakazi vilikubali haki ya waajiri ya kusimamia na kugawa kazi, nao waajiri wakatambua haki ya wafanyakazi ya kuungana. Hadi leo mishahara huamuliwa zaidi kwa mikataba ya pamoja, yaani makubaliano kati ya pande hizo mbili, bila sheria ya kima cha chini.

Mbali na wepesi wa kuachisha kazi na bima hiyo, nguzo ya tatu, ambayo wanaouiga mfumo huu huisahau kwa urahisi, ni wajibu: mageuzi ya mwaka 1994, chini ya Waziri Mkuu Poul Nyrup Rasmussen, yalisisitiza kwamba anayelipwa atafute kazi na kushiriki mafunzo yanayogharimiwa na umma. Serikali inayolegeza sheria za kuachisha kazi kabla ya kujenga mifuko na mafunzo ya namna hiyo haiigi Denmark, bali inamtwika mfanyakazi hatari yote peke yake.