Biashara ya vitabu Songea yabebwa na sala na shule

Muuza vitabu wa Songea hupanga mwaka wake kwa misimu miwili: Januari shule zinapofunguliwa, na kuanzia Julai, mahindi yanapouzwa na mzazi wa Namtumbo anapoingia mjini akiwa na fedha. Miezi mingine duka huendeshwa na daftari, kaunta buku, kalamu na mashine ya kutoa kopi. Ndiyo maana maduka mengi yenye vitabu mjini hapa ni ya stesheneri. Kitabu kinakaa rafu ya nyuma. Pango linalipwa na kopi.

Mzigo unatoka mbali. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa njia ya Makambako, na katoni husafiri kwenye buti la basi. Mwenye duka akilipa taslimu, mtaji wake unalala hadi Januari. Akichukua kwa mali kauli, zile nakala zisizouzwa lazima azirudishe, na nauli ya kuzirudisha inakula faida yote. Basi anaagiza kisichomtia wasiwasi: kamusi, vitabu vya kujiandaa na mitihani, na hadithi zinazosomwa darasani kama Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Riwaya mpya ya mwandishi asiyejulikana haipandi basi.

Hesabu hizi ni za zamani. Mwaka 1603 Mfalme James I aliwapa wauza vitabu na wachapaji wa London, ambao chama chao kilikuwa na hati ya kifalme tangu 1557, haki ya kuchapa peke yao almanaka, zaburi na vitabu vya kufundishia watoto kusoma. Hapo ndipo palipokuwa na mapato ya uhakika. Mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliotolewa na Edward Blount na Isaac Jaggard mwaka 1623 ulikuwa biashara ya kubahatisha. Blount aliuzia vitabu vyake kwenye uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Paulo, na mteja mwenye fedha kidogo aliweza kununua kurasa bila jalada, jalada akaligharimia baadaye.

Sisi tunao uwanja wetu wa kanisa. Peramiho, kilomita kama 25 kutoka Songea, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1898, kulijengwa kiwanda cha uchapaji, na kuhariri, kuchapa na kuuza vikawa kazi za nyumba moja. Ndiyo nyumba iliyotoa historia ya Wangoni ya Padre Elzear Ebner: mwaka 1959 ikiwa maandishi ya kurudufu, na mwaka 1987 ikiwa kitabu kamili cha Benedictine Publications Ndanda-Peramiho. Mfanyabiashara anayeitazama Januari peke yake asingethubutu kukichapa. Naamini kitabu cha namna hiyo huwezekana pale tu ambapo misale na vitabu vya sala vinauzwa mwaka mzima.

Duka la mjini halina msingi huo. Tegemeo lake lilikuwa kitabu cha kiada, hasa baada ya serikali kuwafungulia mlango wachapishaji binafsi mwaka 1991. Katika muongo wa 2010 kazi hiyo ilirudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na vitabu sasa vinanunuliwa na serikali na kupelekwa shuleni bila kupita dukani. Maktaba mtandao ya taasisi hiyo inamruhusu mwanafunzi kuvisoma bure. Kwa mtoto ni neema, na sitaki irudishwe nyuma. Lakini duka lilipoteza bidhaa iliyokuwa ikilibeba, na mitaala mipya ilipoanza kutumika Januari 2024, mwenye shehena ya vitabu vya mtaala wa zamani alibaki nayo.

Kinachobaki ni kitabu cha ziada na cha maktaba ya shule. Soko hilo ni dogo, ila lipo, na linategemea uamuzi unaofanyika hapahapa mkoani. Wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa shule za Ruvuma, mnapotenga fedha za vitabu hivyo, pitisheni oda zenu kwa maduka ya Songea. Muuzaji mwenye oda mkononi ataagiza katoni mbili badala ya moja, na nafasi ya riwaya mpya itapatikana.