Mnunuzi amerudi analalamika: kitanda ulichouza kwa WhatsApp

(Muziki unashuka)

MTANGAZAJI: Leo tunaongea biashara ya vyombo vya nyumbani. Siku hizi mtu akipata tarehe ya kusafiri, anapiga picha kitanda chake, anaiweka kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya jioni boda boda imekibeba. Shida huanza siku ya tatu.

Tuchukue mfano. Umeuza kitanda na godoro kwa shilingi 4,500. Mama aliyenunua anapiga simu: mbao imepasuka, godoro lina kunguni, anataka pesa zote. Tena anaongeza kwamba usipolipa atakushtaki, safari yako isimame.

Usitume pesa bado, na usimjibu kwa hasira. Mwambie, "Pole mama, nakuja nione." Nenda mapema, mchana, na mtu mwingine. Ufa mpya ni safi ndani. Wa zamani umeingia vumbi, na hapa Turkana vumbi halichelewi. Kwenye godoro, angalia mishono. Ukikuta madoa madogo meusi mengi, kunguni wamekaa muda mrefu, hawakuingia juzi. Hapo kubali tu, mama ana haki.

Halafu soma tena ulichoandika kwenye kundi. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Uliandika "kizima kabisa" na kumbe kina ufa? Una deni. Uliandika "mguu mmoja umepigwa msumari", picha ya mguu ipo, naye alikuja akakagua? Hawezi kukudai kwa mguu huo. Kwa hiyo usifute ujumbe wala picha.

Na kama kimevunjika njiani? Aliyeita boda ndiye wa kuulizwa kwanza. Kama wewe uliahidi kukifikisha, hasara ni yako.

Sasa pesa. Wako walalamikaji ambao ni wezi. Anakuandikia, "Nimekosea, nimetuma 5,400, nirudishie 900," na ujumbe unafanana kabisa na wa M-Pesa. Ujumbe wa kweli unaingia kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu. Piga *334# uangalie salio lako mwenyewe. Mwingine anachukua kitanda, kisha anapeleka ujumbe wa malipo kwa 456 akidai alituma namba isiyo yake. Huduma hiyo ni ya aliyekosea namba, si ya aliyejutia kununua. Safaricom wakikupigia, wanatumia 0722 000 000. Waeleze kwamba ulimuuzia kitu. PIN hawaiombi. Anayeiomba, kata simu.

Mkikubaliana kurudishiana, kitanda kirudi kwanza, pesa ziende kwa M-Pesa, si mkononi. Andikeni karatasi: tarehe, kiasi, "hatudaiani tena", sahihi zenu na mashahidi wawili. Mara nyingine kupunguza shilingi 500 kunatosha, na mimi naona ni nafuu kuliko bloku mbili kununiana. Mkishindwa, nendeni kwa kiongozi wa bloku pamoja, asitangulie mmoja kupeleka maneno.

Na lile tishio la safari? Kudaiana kwa sababu ya ubora wa kitanda ni madai, si jinai. Usilipe kwa woga. Tunza ujumbe wa tishio, upeleke kwa kiongozi wa bloku au ofisi ya msaada wa kisheria. Ila wewe mwenye tarehe, uza wiki mbili kabla, si siku moja kabla ya ndege, ili mnunuzi akilalamika akukute bado upo.

(Muziki unapanda)