Je, Wajua? Kumbukumbu za slapd hupitia local4

Seva ya OpenLDAP, slapd, inayoweza kutunza saraka ya watumiaji wa Unix, isipoelekezwa vingine hutuma kumbukumbu zake kwa syslog kupitia mkondo uitwao local4, tena kwa kiwango cha chini kabisa, debug. Kama faili la mipangilio ya syslog, syslog.conf, halina mstari unaozipokea, hutupwa kimyakimya, na mtumiaji anaposhindwa kuingia, fundi hubaki akilaumu nywila bure. Ongeza mstari wa local4.* ukifuatiwa na njia ya faili (syslogd nyingi za zamani haziundi faili zenyewe, liunde kwanza), kisha uiambie syslogd isome mipangilio upya. Halafu, kuona kama mfumo unamtambua mtumiaji, andika getent passwd na jina lake. Jina lisipotokea, mfumo haumwoni kabisa. Kumbadilishia nywila hakutasaidia kitu.