Kwa Nini Tunahesabu Maua na Maganda ya Maharage?



Wanakamati wa sharika hutuuliza: ikiwa mbegu bora za maharage zipo, kwa nini bado tunakusanya mbegu za kienyeji na kuzipima? Swali hili ni la haki, hasa kwa wafadhili wanaotaka kujua fedha zao zinafanya kazi gani.

Mtafiti wa mbegu hawezi kubuni sifa isiyokuwepo. Akitaka aina inayokomaa mapema, au inayostahimili chule, madoa pembe au kutu, ni lazima apate mmea wenye sifa hiyo. Huuchavusha na aina inayopendwa na walaji, kisha huchagua uzao wake kwa misimu kadhaa. Mzazi huyo anaweza kuwa kwenye kibuyu cha mama mmoja kijijini. Mbegu hiyo ikipotea, sifa yake inaweza kupotea nayo.

Jina peke yake halitoshi. Vijiji viwili vinaweza kuita aina moja kwa majina tofauti, au kutumia jina moja kwa aina mbili. Ndiyo maana tunapima, kwa hatua hizi:

1. Aina zote hupandwa siku moja katika shamba moja, na kila aina hurudiwa katika vitalu kadhaa. Urefu wa mmea na idadi ya maganda hubadilika kwa udongo na mvua. Rangi ya ua na ya punje haibadiliki sana.

2. Tunaandika siku za kufikia maua, rangi ya ua, na kama mmea unasimama, unatambaa au unapanda mti.

3. Wakati wa mavuno tunahesabu maganda kwa mmea na punje kwa ganda.

4. Tunapima punje 100. Chini ya gramu 25 ni ndogo, 25 hadi 40 ni za wastani, na zaidi ya 40 ni kubwa.

Aina zinazofanana huwekwa kundi moja. Zinazotofautiana sana humpa mtafiti uwanja mpana wa kuchagua wazazi. Hata hivyo macho hayaoni yote: ustahimilivu wa magonjwa huhitaji majaribio yake, na undugu wa aina huthibitishwa kwa vinasaba katika maabara. Vituo vya utafiti vya Uyole, Mbeya, na Selian, Arusha, vina wataalamu wa maharage.

Tunaziomba kamati mambo matatu. Kila mbegu iwekwe peke yake, ikiwa na jina lake na kijiji ilikotoka. Akina mama waulizwe ipi huiva haraka jikoni na ipi huvumilia ukame. Na mbegu mpya zinapofika, za zamani zisitupwe. Kila kaya ibakize japo mstari mmoja shambani.