Bei ya Haki ya Msumeno Mkongwe



Mwezi huu tumeona ni vyema tuzungumzie jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini laweza kula fedha za mtu na kuvunja udugu wa watu wawili: namna ya kupima bei ya haki ya msumeno wa mnyororo uliokwisha kutumika, ule ambao kwetu wengi huuita msumeno wa moto.

Huenda msomaji akauliza: sisi wakazi wa mjini tuna haja gani na msumeno? Jibu limo katika miti ya mitaa yetu. Wakazi wa zamani wa East Side hapa Buffalo hawajaisahau theluji ya Oktoba 12 na 13, 2006, iliyoangukia miti ingali na majani yake, matawi yakaelemewa na kukatikia juu ya nyaya za umeme na mapaa ya nyumba. Ndugu zetu wa Columbus na Louisville walipigwa na upepo wa masalia ya kimbunga Ike Septemba 14, 2008, na Louisville ikaongezewa dhoruba ya barafu Januari 2009. Juu ya hayo yuko mdudu wa kijani atoboaye miti ya eshi, mwenye asili ya Asia, aliyetambuliwa Michigan mwaka 2002, akaonekana Ohio mwaka 2003, na Kentucky na New York mwaka 2009. Miti aliyoiua ni mingi mno. Kwa hiyo mwenye msumeno hakosi kazi, na wapo vijana wetu waupatao mkate wao, au nyongeza ya kupeleka nyumbani, kwa kukata matawi na kupasua kuni.

Msumeno mpya wa kadiri, wa kampuni inayojulikana, waweza kupita dola 400. Ndiyo maana wengi wetu huelekea kwenye maduka ya rehani, au kwenye minada ya uani inayofanywa siku za Jumamosi wakati wa kiangazi. Huko bei haikuandikwa na kiwanda. Huandikwa na mwenye mali, na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sasa haki ni ipi?

Sisi twasema hivi: bei ya haki ni ile wanayokubaliana watu wawili wanaojua jambo moja. Muuzaji akijua aibu ya kitu na mnunuzi asijue, hapo pana udanganyifu. Mnunuzi akijua thamani ya kitu na muuzaji asijue, hapo pia pana dhuluma, ingawa watu huiita werevu.

Tuanze na mnunuzi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani yake na vidole vyake vikakuta unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka unyevu huo juu watu wauone. Basi nasi tutie mkono ndani ya rundo, tusinunue mbuzi kwenye gunia.

La kwanza, gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ujue imekwisha kupashwa kabla hujafika, na injini iliyopata moto huficha ugumu wa kuwaka. Ngoja ipoe, kisha iwashwe mbele yako.

La pili, pima nguvu ya silinda, ambayo mafundi huiita kompresheni. Injini ikiwa imezimwa, shika mpini wa kamba ya kuwashia na uuache msumeno uning'inie kwa kamba hiyo. Ukishuka polepole kwa kusitasita, silinda ingali na nguvu. Ukianguka kwa mara moja, ringi au pistoni zimekwisha. Mwenye kipimo cha kompresheni apime: kwa misumeno mingi, kadiri ya paundi 150 kwa inchi ya mraba ni dalili njema, na chini ya 110 ni dalili mbaya.

La tatu, omba ruhusa ya kufungua ekzosi, kazi ya skrubu chache tu, uitazame pistoni kwa tochi. Ikiwa laini, alhamdulillahi. Ikiwa na michirizi ya wimawima, huenda injini hiyo iliendeshwa kwa petroli isiyochanganywa na oili ya kutosha, na matengenezo yake yaweza kuzidi thamani ya msumeno wenyewe.

La nne, tazama mnyororo na bamba la chuma linalouongoza: meno yamebaki kiasi gani, mfereji umeliwa upande mmoja au la? Angalia kama oili ya mnyororo inatoka. Chunguza mipira ya petroli pia, kwani petroli ya siku hizi huwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo huiharibu mipira ya zamani na ngozi za ndani ya kabureta pale chombo kinapowekwa muda mrefu bila kumwagwa.

La tano, ulizia spea. Stihl 028 au Husqvarna 61 za miaka ya 1980 zina spea hata leo. Lakini kampuni ya McCulloch ya Marekani ilifilisika mwaka 1999, na kwa misumeno yake mingi ya zamani mtu hulazimika kutafuta spea katika mizoga ya misumeno mingine.

Baada ya kutazama, piga hesabu. Kwanza tafuta misumeno ya aina hiyohiyo iliyo mizima imeuzwa kwa kiasi gani. Tunasema imeuzwa, kwa maana bei ya kuombea si bei ya kuuzia. Tuchukue mfano: mizima huuzwa dola 200. Huu ulio mbele yako unahitaji mnyororo wa dola 25, bamba la dola 40, na mipira pamoja na matengenezo ya kabureta kwa dola 25. Jumla ni 90, zinabaki 110. Punguza dola 15 kwa ajili ya taabu yako na lile usiloweza kuliona, utafikia 95. Muuzaji akitaka 180, usimkasirikie wala usimwite mwizi. Mwonyeshe hesabu, kasoro moja baada ya nyingine. Akikataa, mwage salama. Wala usinunue juma la dhoruba, kwani siku hizo kila chuma hugeuka dhahabu.

Ipo kasoro moja isiyopimwa kwa dola. Misumeno mingi iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1970, kama Homelite XL-12, haina breki ya mnyororo. Ncha ya bamba ikigusa gogo, msumeno huweza kuruka nyuma kuelekea uso wa mshikaji kabla hajapepesa jicho. Mtu anayetafuta riziki kwa kazi hii asiuchukue msumeno wa namna hiyo hata kwa dola 20. Na kwa msumeno wowote ule, kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, na suruali ya kujikinga vihesabiwe ndani ya bei.

Sasa tumgeukie muuzaji. Sheria yetu yamtaka aitaje aibu anayoijua, na mnunuzi akiikuta aibu ya zamani iliyofichwa ana haki ya kurudisha. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tumelelewa nayo, wauziani wana hiari ya kuvunja biashara maadamu hawajaachana, na wanaweza kuwekeana sharti la hiari lisilozidi siku tatu. Siku tatu zatosha kukata gogo moja na kuujua ukweli. Tuandikiane sharti hilo kwenye karatasi, hata baina ya marafiki.

Na mnunuzi asisahau zamu yake. Yako makatazo ya kuwalaki wenye misafara njiani na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Mjane anayeuza vyombo vya marehemu mumewe uani kwake, awe Mwislamu au asiwe, ni kama msafara huo. Akikutajia dola 30 kwa msumeno wa dola 150, mwambie thamani yake, kisha muelewane. Utalipa zaidi, lakini utaondoka na chombo ambacho hakuna atakayekudai siku ya hesabu.

Wabillahi tawfiq.