Fedha za Serikali na Lugha ya Filamu: Mtazamo kutoka Nachingwea

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya namna serikali inavyogharimia filamu na lugha inayosikika ndani yake. Tunaweza kubainisha njia tatu.

Kwanza, serikali kuwa mteja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iligharimia filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Pili, serikali kuwa mmiliki: Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, ikatengeneza Fimbo ya Mnyonge, filamu ihusuyo vijiji vya ujamaa. Tatu, serikali kuwa mkopeshaji, kama ifanyavyo sasa kupitia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa.

Njia mbili za kwanza zilikipa Kiswahili nguvu kwa kuwa ujumbe ulikusudiwa kuifikia nchi nzima. Njia ya tatu huzaa tokeo hilohilo kwa sababu nyingine: mkopo sharti urejeshwe, hivyo mtayarishaji hulazimika kutafuta soko pana. Hadithi ya Kimwera, lugha ya wenyeji wengi wa Nachingwea na Ruangwa, haikopesheki kwa urahisi.

Kwa hiyo, sambamba na mikopo, panahitajika ruzuku isiyorejeshwa, itakayolipia pia tafsiri ya Kiswahili chini ya picha. Soko halina wajibu wa kuhifadhi lugha. Wasimulizi mahiri wa Kimwera wengi wao ni wazee, na umri wao haungoji bajeti.