Tiketi Moja, Nchi Kumi na Mbili

Wanangu, katikati ya jiji la Arusha, si mbali na stendi, kuna uwanja ambao mnautaja kila siku, na pengine hamjawahi kuuliza umebeba jina la nani. Sheikh Amri Abeid Kaluta alikuwa mshairi. Alikuwa pia Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, akafariki mwaka 1964. Alituachia kitabu kinachoeleza sheria za kutunga mashairi: vina vikae wapi, mizani iwe mingapi. Mimi hupenda sana kwamba uwanja wa mpira umepewa jina la mtu huyo, kwa sababu mashindano ya mpira nayo, kama shairi, yana hesabu yake, na hesabu hiyo ikipungua kidogo tu kitu kizima kinaanguka.

Leo nataka niwaeleze hesabu hiyo. Nataka mjue namna timu ya wasichana inavyotoka kwenye kiwanja cha vumbi chini ya Mlima Meru hadi kucheza na mabingwa wa Afrika nzima.

Tuanzie juu. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilifanya kwa mara ya kwanza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake. Ilichezwa Misri, na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini ikatwaa kombe. Zilikuwa timu nane tu. Nane, kwa bara lenye nchi zaidi ya hamsini! Kwa hiyo bara limegawanywa katika kanda sita, na kila kanda hucheza mashindano yake ya kufuzu kumpata bingwa wa kumpeleka. Kanda yetu ni CECAFA. Ina wanachama kumi na wawili: Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Sudan, Sudan Kusini, Somalia, Eritrea na Jibuti. Wote hao hugombea tiketi moja. Nasema wazi kwamba ni chache mno. Timu inaweza kufunga safari, ikacheza vizuri wiki mbili, ikapoteza fainali kwa bao moja, ikarudi nyumbani mikono mitupu. Ndivyo mambo yalivyo kwa sasa.

Lakini hata kufika kwenye mashindano hayo ya kanda si kazi ndogo. Hapa kwetu safari inaanzia mkoani. Timu za wanawake za mkoa hucheza, bingwa wa mkoa akakutana na mabingwa wa mikoa mingine, wanaofanya vizuri wakapanda daraja, mwisho kabisa wakaingia Ligi Kuu ya Wanawake. Hiyo ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens kutoka Pwani. Bingwa wa Ligi Kuu ndiye anayekwenda CECAFA. Bingwa wa CECAFA ndiye anayekwenda kwa wakubwa wa Afrika.

Sasa tucheze mashindano yetu wenyewe, hapa hapa Arusha. Ni ya kubuni, lakini hesabu yake ni ya kweli. Tuna kundi moja la timu nne, nami nimezipa majina: Mlimani, Ziwani, Pwani na Bondeni. Kushinda ni pointi tatu, sare ni pointi moja, kufungwa ni sifuri. Timu mbili za juu zinaingia nusu fainali. Chukueni daftari na kalamu.

Siku ya kwanza Mlimani anaifunga Bondeni mabao 3-0. Bao la tatu limefungwa dakika ya 88. Watu wameshaanza kunyanyuka kwenye viti kuwahi usafiri, na mzee mmoja jukwaani anasema, "La nini tena hilo? Si wameshashinda?" Mwacheni mzee kwanza, tutarudi kwake. Mechi nyingine, Ziwani na Pwani wanatoka 1-1.

Baada ya siku mbili wanacheza tena. Mlimani na Ziwani, 1-1. Pwani anaifunga Bondeni 1-0. Hesabuni. Mlimani ana pointi nne, Pwani pointi nne, Ziwani mbili, Bondeni hana kitu.

Inakuja siku ya mwisho. Mechi zote mbili zinaanza saa ile ile, dakika ile ile, kwenye viwanja viwili tofauti. Sababu yake ni kwamba timu ikicheza baadaye huku inajua matokeo ya wenzake, inaweza kucheza kwa kupiga hesabu badala ya kucheza mpira. Mlimani na Pwani wanatoka 1-1, na wachezaji wa Pwani wanakumbatiana: hawajafungwa hata mechi moja, wana pointi tano. Kwenye kiwanja kingine Ziwani wameifunga Bondeni 2-0. Nao wana pointi tano. Mlimani vilevile, tano.

Timu tatu zimelingana, na zenyewe kwa zenyewe zilitoka 1-1 kila mara, hivyo hata kuangalia walivyokutana hakusaidii. Inabaki tofauti ya mabao: uliyofunga, toa uliyofungwa. Mlimani ana matatu. Ziwani ana mawili. Pwani ana moja. Pwani, ambaye hajafungwa na mtu, anafungasha mizigo.

Mmeona? Pwani alishinda dhidi ya Bondeni kwa bao moja akaridhika. Na lile bao la dakika ya 88, ambalo mzee alisema halina kazi, limemweka Mlimani juu ya kundi. Lingekosekana, Mlimani angebaki na tofauti ya mabao mawili kama Ziwani, na mabao ya kufunga manne kama Ziwani, na waandaaji wangeanza kupekua kanuni kutafuta njia ya kuwatenganisha. Kwenye mashindano mafupi ya namna hii hakuna bao la ziada. Tazameni pia kwamba aliyeamua nani apite ni Bondeni, timu iliyofungwa mechi zote. Kama kipa wa Bondeni angeokoa mpira mmoja zaidi siku ile ya mwisho, Ziwani angeshinda 1-0, akalingana na Pwani kwa pointi, kwa tofauti ya mabao, na kwa mabao ya kufunga.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye daftari, nalo ni miguu. Katika ligi timu hupumzika siku kadhaa kabla ya mechi inayofuata. Kwenye mashindano ya kufuzu, mechi zinafuatana karibu karibu, na kocha mwenye wachezaji kumi na mmoja wazuri lakini benchi tupu huanza kuteseka kwenye nusu fainali. Na hewa nayo inacheza. Arusha iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na vijiji vya miteremko ya Meru viko juu zaidi. Mchezaji aliyezoea joto la Dar es Salaam akija huku mwezi wa saba, asubuhi ile ya ukungu, hushangaa kifua kinavyobana kwenye mbio za kwanza. Mwaka 2024 mashindano ya kanda yetu yalichezwa Addis Ababa, mji ulio juu ya mita 2,300, na waliotwaa ubingwa ni wenyeji, timu ya Benki ya Biashara ya Ethiopia, CBE. Sisemi walishinda kwa sababu ya hewa, maana timu yenyewe ni nzuri, na mwaka 2021 ilifika fainali ikiwa ugenini Kenya, ikafungwa na Vihiga Queens. Lakini kuizoea hewa ya nyumbani hakujawahi kumdhuru mtu.

Mwaka 2022 zamu ya kuandaa ilikuwa yetu, Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Azam kule Chamazi. Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA, hivyo bingwa wake hakuwepo. Fainali ilikuwa Simba Queens na She Corporate ya Uganda, ikaamuliwa kwa bao moja la penalti. Mpigaji alikuwa Corazone Aquino, kiungo wa Simba Queens, na ni Mkenya. Nchi yake haikuwa na timu pale, yeye ndiye aliyepiga mpira ulioipeleka Tanzania Morocco. Huko Morocco Simba Queens walifika nusu fainali, wakazuiwa na Mamelodi Sundowns kwa bao 1-0.

Nisimame kidogo kwenye penalti, kwa sababu nyote mnaipiga uani mkitumia mawe mawili kama goli. Mpira unawekwa mita 11 kutoka kwenye mstari. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Kipa lazima awe na angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari, au juu yake, au nyuma yake, mpaka mpira upigwe. Ukilipima goli hilo kwa hatua utaona ni kubwa kama ukuta wa darasa, na utajiuliza mtu anakosaje. Nendeni mkapime, kisha mmoja wenu apige wakati darasa zima linamtazama.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Msimu wa 2022/23 Arusha ilikuwa na timu yake Ligi Kuu ya Wanawake: The Tigers Queens. Ligi ilikuwa na timu kumi, na kila timu ilicheza na kila mwenzake nyumbani na ugenini, yaani mechi 18. Mambo hayakuwaendea vizuri wasichana wa Arusha, na msimu uliofuata hawakuwamo tena kwenye ligi hiyo. Ukiishia hapo utasema walishindwa, basi. Lakini bingwa wa msimu ule alikuwa JKT Queens, ambaye aliwavua Simba Queens ubingwa waliokuwa wameushika misimu mitatu mfululizo. Agosti 2023 JKT Queens, wakinolewa na Ester Chabruma, mwanamke aliyewahi kuwa mshambuliaji wa timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, walikwenda Uganda kwenye mashindano ya kanda, wakaishinda CBE kwenye fainali kwa mikwaju ya penalti. Novemba wakawa Ivory Coast, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika.

Hesabuni tena kama tulivyomhesabu Bondeni. Pointi zilizompa JKT Queens ubingwa zilitafutwa dhidi ya timu tisa, na mojawapo ilitoka hapa. Beki wa Arusha aliyemkimbiza mshambuliaji wa JKT Queens mpaka mwisho alikuwa anacheza na mtu ambaye miezi michache baadaye angesimama mbele ya Mamelodi Sundowns. Alijua kasi yake kwa macho yake. Kesho yake akirudi mazoezini, anaweza kumwambia mdogo wake, "Bingwa anageuka hivi, nawe usimpe nafasi hii." Maarifa hayo hayashuki daraja na timu.

Ndiyo maana huumia ninapopita kwenye viwanja vya mitaani, kuanzia Unga Limited mpaka Tengeru, nikakuta jioni wavulana wanacheza na wasichana wamekaa pembeni wameshika madumu ya maji. Nayajua majibu: kuna kazi za nyumbani, giza linaingia mapema, njumu ni ghali. Mama mwenye wasiwasi binti yake atarudije usiku ana haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini mazoezi yakiwekwa saa kumi badala ya saa kumi na mbili, na kaka mtu akibeba lile dumu siku mbili kwa wiki, msichana anaweza kucheza. Mwaka 2022 wasichana wa Tanzania walio chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda Kombe la Dunia India, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali. Walikuwa watoto wa umri wa kidato cha pili na cha tatu. Wengi wenu hapa mnawakaribia umri.

Tiketi ya kanda yetu bado ni moja. Mwaka 2025 JKT Queens waliichukua tena, safari hii Nairobi. Na hapa Arusha unajengwa uwanja mpya kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano ambayo Tanzania inayaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Ningependa sana uwanja huo usisubiri wanaume peke yao, na kwamba siku moja mabingwa wa wanawake wa nchi hizi kumi na mbili waje wagombee tiketi yao chini ya Meru.

Mnaotaka kuanza, msisubiri siku hiyo. Mwulizeni mwalimu wenu wa michezo lini michezo ya wanafunzi, UMITASHUMTA au UMISSETA, inaanza ngazi ya shule, na chama cha soka cha mkoa ratiba ya ligi ya wanawake ikoje. Mkienda kutazama, kaeni nyuma ya goli la timu inayofungwa, mtazame beki na kipa wanavyofanya kazi. Na matokeo yakishakuwa 2-0 na watu wakaanza kuondoka, ninyi bakini mpaka filimbi ya mwisho, daftari mkononi.